Je, wajua kwa nini malkia Cockacoeske aliombwa jeshi akatoa watu 12 tu?

Mwaka 1676 walowezi wa Kiingereza kule Virginia, Marekani, walishikwa pabaya, vita imewaka mipakani, ndo wakamwita Cockacoeske, malkia wa Wapamunkey, kabila la wenyeji asilia wa huko, aje kwenye baraza lao Jamestown awape wapiganaji. Mama akaingia kwa heshima zote, mkalimani kulia, mwanae kushoto, kichwani ukanda wa shanga nyeusi na nyeupe, mwilini joho la ngozi ya kulungu lenye nyuzinyuzi mpaka miguuni. Waingereza waliamini Kiingereza anakielewa vizuri tu, lakini hakuwajibu kwa lugha yao, kila kitu kupitia mkalimani.

Walivyozidi kumbana akapandisha sauti kama anayetaka kulia, anarudia tu: Totopotomoy amekufa. Huyo alikuwa mume wake, chifu aliyekufa mwaka 1656 akipigana upande wa Waingereza pamoja na watu wake wengi, na miaka 20 yote hiyo hakuna aliyeleta fidia. Na mwenyekiti wa baraza hata pole hakutoa, akauliza tena, utatupa wangapi? Akasema 6. Wakambana, akasema 12, akainuka akaondoka zake, na kijijini kwake alikuwa na wanaume kama 150. Mimi hapo naona hesabu ya deni, deni la kwanza halijalipwa unakopaje tena?

Na utawala wake haukuwa wa bahati, maana kwao uchifu ulipita upande wa mama, chifu akifa wanafuata ndugu zake wa kiume, halafu dada zake, halafu watoto wa dada, watoto wake mwenyewe hawarithi.

Kinachouma ni kwamba mwaka huohuo waasi wa Nathaniel Bacon, mlowezi aliyeasi dhidi ya gavana wa Virginia, waliwavamia Wapamunkey ambao hawakuwa na ugomvi nao, malkia akakimbilia porini akatangatanga siku 14 na mtoto wa miaka 10 tu, wakiguguna mguu wa kobe ambao mtoto aliuokota.

Lakini Mei 1677 aliweka alama yake kwenye mkataba wa amani wa Middle Plantation kati ya Waingereza na makabila ya wenyeji, akapata na makabila mengine chini yake, ingawa Wachickahominy walimgomea kabisa. Wapamunkey bado wako na ardhi yao kando ya mto wao, na mpaka leo kila mwaka wanampelekea gavana wa Virginia kulungu kwa kufuata mkataba uleule.