Ubia si msaada, wala si zabuni

Kampuni ikikabidhi miche mbele ya kamera, jioni tunaambiwa serikali na kampuni hiyo "zimeingia ubia" wa kutunza mazingira. Nimeisikia mara nyingi mno. Pale hapana ubia. Pana msaada, nao ni jambo jema lenye jina lake.

Ubia ni mkataba, aghalabu wa miaka mingi, ambao kila upande unatia fungu lake na pande zote zinagawana faida na hasara.

Hilo la hasara ndilo linalosahauliwa, na limo ndani ya neno lenyewe. Mbia na ubia vinatokana na bia, ile ya kula bia: watu wanachanga, huyu unga, huyu kitoweo, huyu kuni, chungu kinakuwa kimoja na wote wanakula. Aliyeleta unga akaenda zake hakula bia, amesaidia. Aliyelipwa ujira apike naye hakula bia. Wabia ni wale ambao chakula kikiungua, wote wanalala njaa.

Ndiyo maana kampuni inayolipwa kwa tani kuzoa taka ni mkandarasi tu: ilishinda zabuni, ikifanya kazi inalipwa.

Tazama Washington, Marekani. Mwaka 2016 mamlaka ya maji ya jiji, DC Water, iliuza hati fungani, yaani hati ya mkopo, ya dola milioni 25 kwa wawekezaji wawili, benki ya Goldman Sachs na shirika la Calvert Foundation, ili ijenge bustani za kunyonya maji ya mvua kando ya barabara, yasizidi kufurisha mabomba ya maji taka na kuchafua mito. Wakakubaliana: maji yakipungua kupita lengo, mamlaka inawaongezea wawekezaji dola milioni 3.3; yakipungua kidogo mno, wawekezaji ndio wanaoilipa mamlaka kiasi hichohicho. Vipimo vilivyotangazwa 2021 vilionyesha yamepungua karibu asilimia 20, ndani ya kiwango kilichotarajiwa, na hakuna aliyemlipa mwenzake nyongeza. Hapo kila mmoja alikuwa na chake chunguni.

Basi, ndugu waandishi, ile hafla ya miche iandikeni "kampuni yachangia miche". Ni maneno matatu, yanatosha kwenye kichwa cha habari, na waliotoa miche hawapungukiwi heshima yao.