EGFR "iko juu": alama ya mwelekeo na alama ya dawa ni mambo mawili

Mgonjwa wa saratani ya mirija ya nyongo anarudi na ripoti ya vipimo vya jeni, mara nyingi kutoka India. Ndugu wanaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia, na kabla ya jioni mtu ameshaandika: "EGFR iko juu, hiyo ni alama mbaya, kwa hiyo atafutiwe dawa ya kuizuia." EGFR ni protini iliyo kwenye utando wa seli, inayopokea amri za kukua. Mwanzo wa sentensi hiyo unaweza kuwa sahihi kabisa. Tatizo ni hilo "kwa hiyo".

Dhana yenyewe haina makuu. Seli hupokea amri kupitia protini zilizo kwenye utando wake. Protini moja huamsha nyingine mpaka amri ifike kwenye kiini: gawanyika, tulia, au kufa. Mlolongo huo ndio njia ya ishara. Kwenye saratani, baadhi ya njia hizi huendelea kutoa amri hata pale ambapo hakuna aliyeamuru.

Sasa, alama ya mwelekeo hujibu swali moja: ugonjwa wa mtu huyu utakwendaje, hata akipewa tiba ileile wanayopewa wenzake? Alama ya kuchagulia dawa hujibu swali jingine: je, dawa hii itamsaidia yeye kuliko asiye na alama hiyo? La kwanza utalijibu kwa kuwafuatilia wagonjwa na kuhesabu miezi. La pili halijibiki mpaka dawa yenyewe ijaribiwe.

EGFR ndiyo inayowapoteza wengi. Tafiti kadhaa zimeihusisha EGFR nyingi na mwelekeo mbaya katika saratani hii, na dawa za kuizuia zipo, kama cetuximab inayotumika kwenye saratani ya utumbo mpana. Basi ikajaribiwa. Katika jaribio la BINGO, lililofanyika Ufaransa na Ujerumani na matokeo yake kutoka mwaka 2014, wagonjwa 150 waligawanywa: wengine kemotherapi peke yake, wengine kemotherapi pamoja na cetuximab. Wastani wa kuishi ulikuwa miezi 12.4 kwa wasioongezewa dawa, na 11.0 kwa walioongezewa. Utasema hawakuchujwa vizuri. Wajerumani baadaye wakachuja, wakachukua tu wasio na mabadiliko ya KRAS, jeni ya protini inayofuata baada ya EGFR kwenye njia hiyohiyo ya ishara, wakawapa panitumumab, dawa nyingine ya kuizuia EGFR. Napo faida haikuonekana. Protini kuwa nyingi hakumaanishi kwamba seli inaitegemea. Ukiizuia, seli inaweza kuendelea na kazi kupitia njia nyingine.

Linganisha na FGFR2, jeni ya protini nyingine ya kupokea amri. Kwa wagonjwa wachache, hasa wenye uvimbe ulioanzia kwenye mirija iliyo ndani ya ini, jeni hii hukatika na kuungana na jeni nyingine. Kwenye ripoti utaona kitu kama FGFR2-BICC1. Protini inayozaliwa hapo hujiamsha yenyewe, na seli huitegemea. Pemigatinib, dawa ya kuizuia protini hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ilijaribiwa kwa watu 107 wenye muungano huo, na uvimbe ulipungua kwa asilimia 35.5 yao. Waliokuwa na mabadiliko ya aina nyingine kwenye jeni za familia ya FGFR2, na wasio na mabadiliko yoyote humo, hakuna hata mmoja aliyepata nafuu ya namna hiyo. Hiyo ndiyo alama ya dawa.

Na hapa pana mtego mwingine: wenye muungano wa FGFR2 huelekea kuishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao hata kabla ya dawa hizi kuwapo. Kwa hiyo alama moja inaweza kubeba kazi zote mbili, tena safari hii ni alama nzuri. Ukimwona mgonjwa wa aina hiyo amekwenda mbali, usiipe dawa sifa zote.

KRAS iko upande wa pili: mara nyingi huashiria mwelekeo mbaya, na kwa wagonjwa wengi wa saratani hii bado haiwapatii dawa yake.

Kwa hiyo, ndugu uliyeandika kwenye kundi, hukukosea kusoma ripoti. Futa tu "atafutiwe dawa ya kuizuia" na uweke swali la kumpelekea daktari: kwa saratani hii, si ya utumbo wala ya mapafu, dawa hiyo ilishajaribiwa kwa wenye alama hii, na ilikuwaje?