Tishio la jinai: pale maneno ya gemu yanapotoka nje ya gemu

Ingia banda la gemu Jang'ombe au Kwahani, mitaa ya mjini Unguja, baada ya Isha, utadhani umeingia vitani. "Nakuua wewe!" "Leo hutoki hai!" "Mmalize, yuko nyuma ya ukuta!" Mwenye banda anahesabu chenji zake, hata kichwa hainui, na hana sababu ya kukiinua. Anayeuawa ni askari wa kwenye skrini, na raundi ijayo atakuwa mzima kama si yeye.

Sasa yachukue maneno hayohayo uyatoe bandani. Saa sita za usiku "nakuua wewe" inaingia kwenye simu ya kijana wa miaka 15, imetumwa na mtu aliyeshindwa naye jioni. Chini yake pameandikwa jina la skuli anayosoma, na imewekwa picha ya mlango wa kwao. Hapo hata yule mwenye banda angeacha kuhesabu.

Baina ya hali hizo mbili ndipo ilipo dhana ya tishio la jinai. Kila suala hili likizuka watu hugawika. Kuna wanaosema "michezo tu hiyo, msikuze mambo", na kuna wanaotaka kila mwenye mdomo mchafu apelekwe polisi. Mimi siko na upande wowote kati ya hizo, ingawa nikiulizwa nani wananitia hofu zaidi, nitawataja hao wa pili.

Tishio la jinai, kwa namna linavyoeleweka katika nchi nyingi, ni kauli, ujumbe au kitendo kinachomfanya mtu aamini, kwa sababu za maana, kuwa atadhuriwa yeye, watu wake au mali yake. Na aliyekitoa alikusudia hofu hiyo, au kwa uchache alijua kuwa inaweza kutokea na hakujali. Kwa hiyo haitoshi kuyasoma maneno peke yake. Lazima utazame yalisemwa wapi, kwa nani, baada ya nini, na msemaji alikuwa na nini moyoni.

Liko jambo linalowapita wengi. Kwa kawaida mwendesha mashtaka hatakiwi athibitishe kuwa mtishaji alipanga kweli kutekeleza. "Wallahi sikuwa na nia ya kumgusa" ni maneno ya kuombea msamaha, hayafuti kosa. Madhara ya tishio ni hofu yenyewe: mtoto anayekataa kwenda skuli, msichana anayefunga akaunti na kubadilisha laini, mama anayetia komeo mlangoni jua halijazama. Hayo hutokea hata kama aliyetisha yuko Muscat na nauli ya kuja Unguja hana.

Kwa nini basi kelele za bandani si tishio? Hapa Unguja hatuhitaji kitabu cha sheria kulielewa hilo, tuna Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Kila mwezi wa Julai, Makunduchi, wanaume wa pande mbili huchapana kwa makuti ya migomba, na wanawake huimba nyimbo za kutukanana waziwazi. Aliyeingia uwanjani kaingia kwa hiari. Siku inajulikana, mahali panajulikana, silaha inajulikana, na yakiisha watu wanakula pamoja. Lakini mtu akichukua panga usiku akaenda kumgongea jirani mlango, akisema "mimi naendeleza Kogwa", hakuna mzee wa Makunduchi atakayempokea. Ridhaa ilikuwa ya uwanjani, na uwanja una mwisho wake. Gemu nayo hivyohivyo: anayewasha maiki kwenye PUBG, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, amekubali kutambiwa na kuzomewa, pengine hata kutukaniwa uchezaji wake. Hajakubali kutafutwa kwao.

Mahakama za Marekani zimekuwa zikilichambua jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, kabla gemu za mtandaoni hazijazaliwa. Kijana mmoja alisema kwenye mkutano wa hadhara mwaka 1966 kuwa akilazimishwa kubeba bunduki, mtu wa kwanza atakayemlenga ni Rais Johnson. Akatiwa hatiani. Mwaka 1969, katika kesi ya Watts, Mahakama ya Juu ilimfungulia. Majaji walitazama mambo matatu: maneno yalisemwa kwenye mkutano wa siasa, yalikuwa na sharti ndani yake, na waliosikiliza walicheka. Tangu hapo imekaa kanuni kuwa kinachoadhibiwa ni tishio la kweli, si kila sentensi yenye kuua ndani yake. Mwaka 2023, kwenye kesi ya Counterman iliyohusu ujumbe wa Facebook aliokuwa akitumiwa mwanamuziki mmoja, mahakama hiyohiyo iliongeza sharti la moyo wa msemaji: lazima ithibitike, kwa uchache, kuwa alitambua uwezekano wa maneno yake kuchukuliwa kama tishio na akaendelea tu.

Mtu anaweza kuuliza sharti hilo linamsaidia nani. Jibu liko Texas. Mwezi wa Februari 2013 kijana wa miaka 18 alibishana na wenzake kwenye Facebook kuhusu gemu ya League of Legends. Akaambiwa ni mwendawazimu, naye akajibu kwa kejeli kuwa ndiyo, na kwamba atakwenda kupiga risasi watoto wa chekechea. Mtu aliyeyasoma akiwa Canada akaripoti. Miezi miwili tu kabla yake watu 26, watoto 20 wakiwemo, walikuwa wameuawa kwenye skuli ya Sandy Hook, na nchi nzima ilikuwa na jeraha bichi. Kijana akawekwa ndani, dhamana ikapangwa dola 500,000. Alikaa rumande karibu miezi mitano hadi mtu asiyejulikana alipomlipia. Kesi ilimalizika 2018 kwa yeye kukiri kosa dogo zaidi. Miaka mitano ya ujana imepotea kwa maneno ya kipuuzi, mabaya hasa, lakini ya kipuuzi.

Uingereza nayo ilijikwaa kwa namna yake. Mwaka 2010 mwanamme mmoja aliona uwanja wa ndege aliotaka kusafiria umefungwa kwa theluji, akaandika kwenye Twitter mzaha wa kuuripua. Akatiwa hatiani na kutozwa faini ya pauni 385 na gharama juu yake. Ilichukua hadi 2012 kwa Mahakama Kuu kuifuta hukumu ile, kwa hoja kwamba ujumbe ambao wasomaji wake wangeupuuza kama utani hauwezi kuitwa wa kutisha. Baadaye nchi hiyo ilitunga kosa lililo wazi zaidi kwenye sheria yake ya usalama wa mtandaoni ya 2023: kutuma tishio la kifo au madhara makubwa, kifungo hadi miaka mitano. Naipenda namna walivyolipunguza. Wametaja kifo, wametaja madhara makubwa, hawakutaja kuudhi.

Yasije yote hayo yakamfanya mtu aone kuwa gemu haiwezi kuua. Desemba 2017 wachezaji wawili wa Call of Duty nchini Marekani waligombana kwa dau lisilofika dola mbili. Mmoja akampa mwenzake anwani ya nyumba aliyokwishahama, huko Wichita, kama kumwambia njoo ukinitaka. Yule mwengine akamtafuta mtu wa tatu aliyekuwa na mazoea ya kuwapigia polisi simu za uongo. Huyo akawapigia polisi wa Wichita akijifanya muuaji aliyewateka watu wa nyumba ile. Polisi wakafika, akatoka mlangoni mwanamme wa miaka 28 ambaye hata gemu hiyo hakuwa akiicheza, wakampiga risasi akafa. Mpiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019. Tazama kilichogeuza ugomvi wa gemu kuwa msiba: anwani. Majigambo waliyokuwa wakirushiana tangu mwanzo yalikuwa ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo ninapoulizwa na wazazi nitajuaje kama mwanangu anatishwa au anataniwa, nawaambia watafute alama za nje ya gemu. Jina lake halisi limetajwa? Mtaa, skuli, njia anayopita? Ujumbe umemfuata kutoka kwenye gemu hadi WhatsApp? Umerudiwa baada ya kuambiwa aache? Umetumwa faragha, ambako hakuna wa kucheka? Moja kati ya hizo linatosha kukaa macho. Mbili zikikutana, usisubiri ya tatu.

Na wasichana tuwazungumze mbali, kwa sababu wao hawatambiwi kama wenzao. Sauti ya kike ikisikika tu kwenye maiki, maneno hugeuka kutoka "nakuua" kuwa vitisho vya ubakaji. "Nakuua" ni lugha ya mchezo, maana mchezo wenyewe ni wa kuuana. Kubaka hakumo kwenye gemu yoyote kati ya hizi zinazochezwa mitaani kwetu, kwa hiyo anayelitamka hawezi kujificha nyuma ya mchezo. Ndiyo maana wengi wao hucheza kimya, maiki imezimwa, na wenzao huwalaumu kuwa hawasemi na timu.

Sheria zetu je? Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na Bara wana kanuni yao ya adhabu. Lakini yanayofanywa kwa simu na kompyuta yamo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyotungwa na Bunge la Muungano na inayotumika pande zote mbili. Kifungu chake cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia huzuni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kwa hiyo kwa anayeuliza kama vitisho vya kwenye gemu ni kosa hapa kwetu, jibu ni kwamba vinaweza kuwa kosa tangu 2015. Sheria haikuitenga gemu. Shida ninayoiona mimi ni upana. Kutisha na kumtia mtu huzuni vimewekwa kwenye kapu moja na kwa bei moja. Na nani anayetamba kwenye gemu bila ya nia ya kumkera mwenzake? Hiyo ndiyo kazi ya tambo. Ukiisoma herufi kwa herufi, nusu ya banda lile la Kwahani iko hatiani. Tena tazama neno "isiyopungua": wenzetu wa Uingereza wameweka dari, sisi tumeweka sakafu. Hakimu akishamtia mtu hatiani, sheria haimpi nafasi ya kushuka chini ya hapo, hata kama aliye mbele yake ni kijana wa miaka 19 aliyeropoka mara moja na kuomba radhi asubuhi yake. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, na ana utaratibu wake na mahakama yake. Ila siku ya kuzaliwa haimgeuzi mtu kuwa na busara ghafla.

Ushahidi nao una mambo yake. Sauti ya maiki ikishatamkwa imepotea, na kumbukumbu za gemu ziko kwa kampuni za nje; Garena wenye gemu ya Free Fire wako Singapore. Polisi wa kituo chetu cha Madema hawezi kutembea hadi huko. Anayetishwa ndiye wa kwanza wa kuhifadhi: arekodi skrini, saa na tarehe zionekane, na achukue namba ya akaunti ya mtishaji, si jina peke yake. Jina la kwenye gemu hubadilishwa wakati wowote, namba ya akaunti hubaki ileile. Asijibu kwa vitisho vyake, maana ataonekana mshiriki wa ugomvi. Ujumbe ukishahamia kwenye simu au WhatsApp kazi inakuwa nyepesi, kwa vile laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Wengi wetu tutakwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na kwa vijana wa mtaa mmoja waliotukanana sioni ubaya. Wazee wakikaa, simu zikawekwa mezani, mambo huisha. Lakini sulhu hizo zimezika mengi pia, hasa msichana anapokuwa ndiye mlalamikaji na aliyetisha ni mtoto wa jamaa. Ujumbe wenye kutaja ubakaji, silaha, au mahali mtoto anapolala si wa kumalizwa barazani. Huo upelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, simu ikiwa haijafutwa kitu. Na huyo mwengine, aliyepiga kelele "leo hutoki hai" kisha akapigwa yeye, mwenye banda amzimie skrini akishaleta matusi ya wazee.