Feni ya jikoni inapogombea hewa na jiko la kuni

Nyumba nyingi za Ujerumani zina jiko la kuni sebuleni, lenye kioo mbele na dohani iliyotokeza juu ya paa, na hatua chache kutoka hapo kuna feni ya kunyonya moshi wa mapishi. Kila kimoja peke yake hakina shida. Vikifanya kazi pamoja, madirisha yamefungwa kwa baridi, vinaweza kuua.

Jiko la kuni la kawaida huvuta hewa ya humohumo chumbani, na moshi wake hupanda kwa sababu una joto na ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Feni nayo hutoa nje mita za ujazo mia kadhaa za hewa kwa saa. Zamani hewa ya kufidia ilipenya kwenye nyufa za milango na madirisha. Nyumba mpya, au iliyobadilishwa madirisha, haina nyufa hizo, basi feni huitafuta hewa kwenye tundu lililobaki wazi, nalo ni dohani. Moshi unarudi chini.

Moshi mzito mtu atauona, atakohoa, atafungua dirisha. Ninachokihofia zaidi ni saa moto unapofifia. Miali imezimika, yamebaki makaa mekundu, mwenye nyumba anaona shughuli imekwisha, anawasha feni akaange samaki. Kumbe wakati huo dohani imeanza kupoa na haivuti vizuri, ilhali makaa yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hunata kwenye damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, mtu anajiona amechoka, anakwenda kulala. Waliokulia nyanda za baridi, Njombe au Limuru, wanazijua habari za jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku. Ni gesi ileile.

Kipimo kinachotumika Ujerumani ni paskali 4: feni isipunguze mgandamizo wa hewa chumbani kupita hapo. Ni kiasi kidogo mno, sawa na uzito wa maji yenye kina kisichofika nusu milimita, kwa hiyo usikisie kwa kutazama moshi wa udi. Fundi wa dohani wa eneo lako ana chombo cha kupimia, na ndiye anayekagua jiko jipya kabla halijaanza kutumika. Mwite kabla hujanunua feni. Mwambie pia kuhusu feni ya bafuni na mashine ya kukaushia nguo yenye bomba la nje, maana nazo hunyonya hewa.

Mimi hupendekeza kwanza feni isiyotoa hewa nje, inayoichuja kwa chujio la mkaa na kuirudisha chumbani. Harufu ya samaki itakawia kidogo, na ikawie. Anayetaka feni ya kutoa nje afungiwe swichi ya dirisha: dirisha likiwa limefungwa, feni haipati umeme. Jiko lenye bomba lake la kuvuta hewa ya nje husaidia, ila liwe limeidhinishwa kwa matumizi hayo, kwa kuwa si kila jiko lenye bomba limezibwa vya kutosha. Ahadi ya "nitakumbuka kufungua dirisha" siikubali. Mgeni hatakumbuka, wala mtoto.

King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo pamoja na hayo, si badala yake. Kikilia, au mkianza kuumwa kichwa nyote kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja, kisha pigeni 112.