Kondoo wa nywele Lubumbashi: kabla ya kununua dume la kigeni, jua mvua na shaba

Wafugaji wengi wanaotujia na maswali ya kondoo huanza na mbegu: dume la Dorper anapatikana wapi, na anauzwa bei gani? Ni swali la haki. Lakini sisi tunaohudumia mifugo hapa Lubumbashi tungependa liwe swali la tatu. La kwanza ni mvua za Novemba mpaka Aprili, zinazoleta minyoo. La pili ni shaba, ile iliyo ardhini na ile iliyo ndani ya magunia ya chakula. Hayo mawili ndiyo yanayomaliza kundi, na feza ya dume inapotea pamoja nalo.

Kondoo wetu wa kienyeji hana sufu. Amevaa nywele fupi zilizolala mwilini kama za mbuzi, kwa hiyo hakuna kazi ya kunyoa, na jua la Oktoba halimlemei kama lingemlemea kondoo wa sufu wa Ulaya. Jike huingia joto mwaka mzima, kila baada ya siku 17 hivi mpaka ashike mimba. Mimba ni ya miezi mitano. Jike anayekula vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Ni mnyama anayemfaa mtu mwenye shamba dogo la mahindi kwenye barabara ya Kipushi au ya Kasenga, asiye na malisho ya ng'ombe. Soko bado linampenda mbuzi zaidi kwa ajili ya michopo, ila siku za Idi kondoo hutafutwa sana.

Aina za kondoo wa nywele ni nyingi. Afrika Magharibi wanaye Djallonké, mfupi na mgumu, anayestahimili hata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Visiwa vya Karibiani vina Barbados Blackbelly, anayezaa mapacha mara nyingi. Marekani wana Katahdin, aliyetengenezwa katika jimbo la Maine kuanzia miaka ya 1950. Huyu Dorper anayetafutwa sana kwetu alitokea Afrika Kusini miaka ya 1930, baada ya kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi aitwaye Blackhead Persian. Waliomtengeneza walitaka kondoo wa nyama kwa ajili ya nchi kame. Lubumbashi si nchi kame: tunapata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka ndani ya miezi sita.

Kwa nini tunalisisitiza hilo? Miaka ya 1990, watafiti nchini Kenya waliwafuga Dorper na Red Maasai, kondoo wa kienyeji wa huko, pamoja kule Diani, kwenye pwani yenye unyevu, wakila malisho yale yale. Dorper ana mwili mkubwa, lakini wanakondoo wake walikufa zaidi, na kinyesi chake kilikuwa na mayai mengi zaidi ya minyoo. Ukihesabu mazao ya kundi zima, Red Maasai mdogo ndiye aliyeshinda. Kwenye maeneo makavu ya Kenya hiyo hiyo, Dorper hakuachwa nyuma namna hiyo. Kwetu sisi funzo ni wazi: usiuze majike wako wa kienyeji ili ununue damu ya kigeni tupu. Baki nao, tafuta dume chotara, na usimpandishe jike mdogo ambaye hajazaa kwa dume mkubwa, maana mtoto anaweza kukwama wakati wa kuzaliwa.

Sasa mnyoo wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Haemonchus contortus, na anakaa katika tumbo la nne la kondoo. Siku unayochinja, lipasue tumbo hilo lingali na joto utazame. Mnyoo jike ana urefu wa sentimita mbili au tatu, mwekundu kwa damu aliyoinywa, na uzi mweupe wa mayai umemzunguka kutoka kichwa mpaka mkia. Kila siku anataga mayai zaidi ya 5,000. Mmoja hunywa kama mililita 0.05 za damu kwa siku. Wakiwa 1,000, ni mililita 50 kila siku, kutoka kwa mnyama wa kilo 25 ambaye damu yake yote haifiki lita mbili. Katika joto na unyevu wa Desemba na Januari, yai linageuka kiluwiluwi tayari kuingia tumboni mwa kondoo mwingine ndani ya wiki moja hivi. Kondoo anapata zaidi kuliko mbuzi kwa sababu anakata majani chini kabisa, na viluwiluwi wengi wanakaa kwenye sentimita kumi za chini, palipo na umande.

Kinachowadanganya wafugaji ni kwamba mnyoo huyu mara nyingi haleti kuhara. Kinyesi kinabaki punje punje, mnyama anakula, mwenyewe anatulia. Halafu jioni moja anaona uvimbe laini chini ya taya, na baada ya siku chache kondoo ameanguka. Dalili ilikuwepo tangu zamani, ila ilikuwa ndani ya kope.

Itazame hivi. Simama na kondoo penye mwanga wa jua, si ndani ya banda. Kwa kidole gumba kimoja, funga kope la juu na ulikandamize jicho kidogo. Kwa kidole gumba cha pili, vuta kope la chini. Ngozi ya ndani itajitokeza. Ikiwa nyekundu ya damu, mnyama ni mzima. Ikiwa ya waridi iliyofifia, mchunguze tena baada ya wiki moja. Ikiwa nyeupe, mpe dawa leo. Waafrika Kusini waliitengenezea kazi hii kadi ya rangi tano, inaitwa FAMACHA. Mwenye nayo ana bahati, asiye nayo anaweza kuanza kwa kulinganisha kondoo wake wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa mvua fanya hivyo kila wiki mbili.

Usiwape dawa wote kwa siku moja. Desturi hiyo imeenea sana, na inatuumiza. Katika kundi lolote, wachache ndio wanaobeba minyoo mingi. Ukiwatibu wote, minyoo inayobaki ni ile tu iliyoizoea dawa, na hiyo ndiyo itakayojaza malisho yako. Watibu wale wa kope jeupe, na jike anayerudi mara tatu kwa ugonjwa ule ule muuze, usimwache azae. Pima uzito kwa mizani kabla ya kutoa dawa, kwa sababu kukisia kwa macho huleta kipimo pungufu, na kipimo pungufu ndicho kinachowafundisha minyoo kuishi na dawa. Dawa ya minyoo iitwayo albendazoli usimpe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, kwani inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Malisho nayo ni dawa. Watoe kondoo umande ukiisha kukauka. Kama unaweza kugawa eneo, wakae siku tatu au nne mahali pamoja, halafu pale papumzike mwezi mzima na zaidi. Kumfunga kondoo kwa kamba kwenye kigingi kile kile wiki nzima ni kumlisha kinyesi chake mwenyewe.

Tuje kwenye shaba, ambayo ni habari yetu sisi watu wa Katanga kuliko wafugaji wa mahali pengine. Katika wanyama wote wa kufugwa, kondoo ndiye anayedhuriwa upesi zaidi na shaba, kwa sababu ini lake linaiweka na kushindwa kuitoa. Kiwango cha juu kinachokubaliwa katika chakula cha kondoo ni miligramu 15 kwa kilo. Ng'ombe anavumilia 40. Nguruwe na kuku wanafika 250. Kwa hiyo gunia la chakula cha nguruwe au cha kuku, ambalo jirani anakupa kwa moyo mwema, linaweza kumuua kondoo polepole. Takataka za banda la kuku, ambazo wengine huchanganya na pumba za mahindi, ni hivyo hivyo. Chumvi ya madini ya ng'ombe pia. Ile dawa ya bluu ya kunyunyizia nyanya ni shaba. Usiwape kondoo majani ya shamba lililopigwa dawa hiyo. Na kwato zikioza kwa matope, tumia maji yenye zinki salfeti ya asilimia 10, acha salfeti ya shaba.

Halafu kuna udongo. Tanuru la kuyeyusha shaba lilianza kazi mjini hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo uliupeleka moshi wake kaskazini-magharibi. Upande wa Penga-Penga ardhi ilibaki uchi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunika kwa Microchloa kunthii, nyasi inayovumilia shaba. Mahali ambapo nyasi za kawaida zinakataa kuota, kondoo asichungwe. Mwezi wa Septemba ndio mbaya zaidi: majani ni mafupi, vumbi limeyafunika, na kondoo anameza udongo kila anapouma. Mito inayopita kwenye viwanda isiwe mahali pa kunywesha.

Sumu hii inajificha. Ini linajaa kwa miezi na kondoo ananenepa kama kawaida. Siku akisafirishwa kwenye kamio, au akizaa, au akilala njaa, ini linaachilia shaba yote kwa mara moja na damu inavunjika. Hapo anaacha kula, anajitenga, mkojo unatoka mwekundu mweusi. Vuta kope lile lile: badala ya weupe utaona umanjano. Mwite daktari wa mifugo saa ile ile, ingawa wengi hufa ndani ya siku moja au mbili. Mwombe aupasue mzoga akutazamie figo. Zikiwa nyeusi kama makala, geuza chakula cha kundi lote kabla ya jioni.

Kwa kiangazi, jiwekee akiba Aprili: majani ya karanga na ya maharagwe yaliyokaushwa kivulini, mabua ya mahindi, matembele. Kama una nafasi panda lusina, mti wa majani ya kulishia mifugo, kwenye mpaka wa shamba, iwe sehemu ndogo tu ya chakula. Mwingize dume kwa majike Novemba na Desemba, majani mapya yakiwa yamewanenepesha. Watoto watazaliwa Aprili na Mei, wakati shamba lina mabaki na minyoo inapungua. Jike anayekaribia kuzaa hutoa mayai mengi ya minyoo, basi mweke bandani wiki mbili za mwisho umkatie majani. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, watoto wanahitaji kuta zinazozuia upepo na sakafu kavu.

Sasa dume. Ukimnunua, hata akiwa ametoka Zambia na karatasi zake zote, mtenge wiki tatu mbali na wengine. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliripotiwa Kongo mwaka 2012, na inaingia kwa mnyama anayeonekana mzima: homa, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara. Chanjo ipo na inalinda miaka mitatu. Ulizia ofisi ya mifugo ya eneo lako kabla ya kununua. Muulize muuzaji dume amelishwa nini, na kama ni chakula cha kuku, mwache. Mvute kope mbele ya mwenyewe. Omba kumwona mama yake, na uulize kama alikuwa akipewa dawa ya minyoo mara kwa mara. Dume mmoja aliyekomaa anatosha majike 25 mpaka 30, na baada ya miaka miwili mbadilishane na mfugaji mwingine, kabla hajawapanda binti zake.