Mtazame kijana kabla hajagusa kisahani

Kila Septemba, NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ikianza mechi za maandalizi ya msimu, simu yangu haitulii. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofuatilia hoki ya barafuni hapa Kanada wanazidi kuongezeka, na wengi huniuliza swali lilelile: huyu kijana ni wa kweli, au ni moto wa mabua?

Juzi swali lilikuja kuhusu winga wa miaka 19 aliyetupia mawili ndani ya kipindi kimoja. Aliyeniandikia alikuwa ameshafunga hesabu: kijana apewe namba, mzee mmoja auzwe. Mimi nafundisha mabeki vijana hapa Ottawa, na saa nyingi za kazi hiyo hupita mbele ya video, zamu moja baada ya nyingine, yaani kila kipande kifupi mchezaji anachokaa barafuni kabla ya kupumzishwa. Mechi hiyo nimeirudia yote. Jina la kijana naliacha, maana ninachotaka kusema kinawahusu wote wanaovaa jezi mwezi huu.

Mabao yale mawili hayajaniambia mengi. La kwanza alimpiga chenga beki ambaye, kwa jinsi timu yake ilivyojaa, atashinda majira yote ya baridi kwenye ligi ya chini, AHL. La pili lilipatikana wapinzani wakiwa wanne, mwenzao yuko kwenye kibanda cha adhabu, na kijana alikuwa amesimama mahali ambapo Januari atasimama mtu mwingine. Alipewa nafasi hiyo kwa sababu wenyewe walikuwa wamepumzishwa.

Hapo ndipo pa kuanzia: alicheza na nani, na dhidi ya nani? Kikosi cha siku ya mechi kina watu 20, yaani wachezaji 18 na makipa wawili. Kwenye mechi za maandalizi ligi inadai timu ipange wakongwe wasiopungua 8. Waliobaki wanaweza kuwa vijana watupu. Na hata huo ukongwe una tafsiri yake: aliyechaguliwa raundi ya kwanza kwenye uteuzi wa chipukizi (draft, timu zinapochagua vijana kwa mpangilio) wa mwaka huohuo anahesabika mkongwe, hata kama ana miaka 18 na hajawahi kucheza dakika moja ya ligi. Kwa hiyo kabla ya kumsifu au kumponda mtu, fungua orodha ya vikosi vyote viwili. Timu inayosafiri ndiyo mara nyingi huwaacha nyota wake nyumbani, na mechi ya namna hiyo hugeuka kuwa ya AHL iliyovalishwa jezi za NHL.

Kisha kuna bahati. Katika ligi nzima, kwa wastani, mashuti kumi yanayolenga goli huzaa bao moja hivi. Kijana akipiga matatu na mawili yakaingia, hatujajifunza kwamba ni hodari wa kufunga. Tumeona usiku mzuri. Kwa makipa ni hatari zaidi. Tofauti ya kipa bora na kipa wa kawaida ni kama mashuti mawili katika kila mia, na kipa chipukizi wa Septemba huenda akadaka nusu mechi na kupigiwa kumi na tano tu. Mtu akiniambia amemwona kipa wa baadaye katika dakika 30 za mechi kama hiyo, siwezi hata kubishana naye.

Sasa, kama si mabao, tutazame nini?

Mchukue beki. Wapinzani wanakitupa kisahani (puck, kinachochezwa badala ya mpira) nyuma yake, kinagonga ukuta na kuelekea kona. Beki anageuka kukifuata, ameupa uwanja mzima mgongo, na nyuma yake anakuja mtu wa kilo 95 kwa kasi yote. Ana kama sekunde mbili. Uwanja mzima unatazama kisahani. Mimi natazama helmeti ya beki: inageuka au haigeuki?

Beki aliyeiva hutupa jicho juu ya bega moja, halafu juu ya bega la pili, kabla hajafika. Jicho la kwanza linamwambia adui anakuja kutoka upande gani. La pili linamwambia kama adui amebadili njia, na mwenzake amesimama wapi. Gongo linapogusa kisahani, uamuzi umeshapita: ageuke nacho, ampe mwenzake kupitia nyuma ya goli, au akigongeshe ukutani kimfikie winga. Waliokomaa zaidi huongeza kitu kidogo sana, huinamisha bega upande mmoja ili anayemfukuza ajitose huko, kisha wao hutokea upande wa pili. Kwenye video ya kawaida usiporudisha nyuma huioni. Unachoona ni kisahani kimetoka salama, na mtangazaji ameshahamia kwenye jambo jingine.

Ambaye hakutazama anafika, anagusa, ndipo anainua kichwa. Kwa wakati huo bega la mtu limeshatua kifuani mwake. Atakisukuma kisahani kando ya ukuta bila kujua kinakwenda kwa nani, beki wa wapinzani atakinasa kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo la ulinzi, na wenzake wanne watateseka nusu dakika mbele ya kipa wao. Takwimu za usiku huo huenda zisimwandikie chochote. Hakuna bao, hakuna pasi ya bao, hakuna adhabu. Lakini kocha ameona, na zamu inayofuata kijana atakaa benchi akitazama.

Ukipata tiketi ya viti vya chini, sikiliza pia. Mabeki wawili wanaocheza pamoja hupaswa kuitana, na sauti zile husikika vizuri kwa sababu watazamaji wa Septemba ni wachache. Kijana wa miaka 20 anayemwelekeza kwa sauti mwenzake wa miaka 32, usiku wa kwanza, bila woga, huyo naandika jina lake daftarini hata kama hakupiga shuti lolote.

Kwa washambuliaji ninatazama hatua tatu za kwanza baada ya kisahani kupotea. Yupo anayefunga breki papo hapo, vyuma vya viatu vikachimba barafu na unga mweupe ukaruka, kisha akarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Na yupo anayezunguka nusu duara pana ili asipoteze kasi. Wa pili anapendeza zaidi machoni, kwa sababu haonekani kusimama. Tatizo ni kwamba duara lile linamgharimu mita kadhaa, na ndani ya mita hizo ndimo mpinzani mmoja hubaki peke yake mbele ya goli. Kwenye ligi za vijana, mwenye kipaji husamehewa duara hilo maana atafunga bao jingine dakika mbili baadaye. Kwenye NHL hasamehewi. Winga wetu wa mabao mawili alizunguka hivyo kipindi chote cha tatu, miguu ilipoanza kuchoka. Ndiyo maana nilimjibu ndugu yangu kwamba kijana atarudishwa chini, na kwamba kurudishwa huko kutamfaa.

Nikitaka kueleza thamani ya mchezaji asiyeonekana, mfano wangu wa kwanza ni Johnny Oduya. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake Mkenya, mama yake Mswidi. Washington walimchagua mwaka 2001 akiwa wa 221, raundi ya saba, mahali ambapo mashabiki huwa wameshazima televisheni. Hawakumpa mkataba. Akarudi kucheza ligi ya Uswidi, na aliingia NHL msimu wa 2006-07 akiwa na New Jersey, mtu mzima wa miaka 25. Baada ya hapo alicheza mechi zaidi ya 800 na kutwaa Kombe la Stanley mara mbili na Chicago, 2013 na 2015. Hakuwa mfungaji. Alikuwa beki wa kukitoa kisahani kona na kumpa mtu sahihi, mamia ya usiku mfululizo. Vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, walioanzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari pale Nairobi, natamani wazitafute video zake kabla ya zile za Connor McDavid, nyota mkubwa wa NHL. McDavid anafurahisha, lakini Oduya anafundishika.

Upande wa pili wa jambo hili ni haraka ya kuhukumu, na Montreal wametupa somo zima ndani ya uteuzi mmoja. Julai 2022 shughuli ilifanyika kwao, ndani ya Bell Centre, na wengi ukumbini walitarajia namba moja iwe Shane Wright. Timu ikamtaja Juraj Slafkovsky wa Slovakia, kijana aliyekuwa amefunga mabao 7 kwenye Olimpiki ya Beijing na kutajwa mchezaji bora wa mashindano. Msimu wake wa kwanza alipata pointi 10 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 39, kisha akaumia na msimu ukaishia hapo. Maneno yaliyosemwa mjini kipindi hicho yalikuwa makali, na aliyekuwa akisemwa ni mtoto wa miaka 18. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82 akapata pointi 50, na klabu ikamfunga kwa mkataba wa miaka 8. Wright alikwenda Seattle akiwa wa nne, akazungushwa kati ya NHL, AHL na ligi ya vijana, na msimu wake wa kwanza kamili ulikuja 2024-25, alipovuka pointi 40. Na yule ambaye Montreal walimchukua akiwa wa 62 siku hizohizo, Lane Hutson, beki mdogo wa umbo ambaye timu nyingi zilimpita, alimaliza 2024-25 na pointi 66 na kutwaa tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi. Uhodari wa Hutson ni uleule niliousema juu: kichwa chake hakitulii. Anatazama, anadanganya kwa bega, anatoka upande usiotarajiwa.

Lipo jambo jingine ambalo mashabiki hulisahau, nalo huamua zaidi ya mchezo wenyewe. Ni mkataba. Timu inaweza kubaki na wachezaji 23 tu, na baadhi ya hao 23 si rahisi kuwashusha. Timu ikitaka kumshusha mkongwe AHL, lazima kwanza aachwe wazi kwa timu nyingine zote, na yoyote inaweza kumchukua bila kutoa kitu. Kijana mwenye mkataba wa kwanza kwa kawaida hana masharti hayo, anashushwa na kupandishwa upendavyo. Wawili wakilingana, anayeshuka ni kijana, kwa sababu kumshusha hakugharimu. Tena aliye na miaka 18 au 19 akicheza mechi 10 za ligi, mwaka mmoja wa mkataba wake unaanza kuliwa. Akiishia 9, mkataba unasogezwa mbele. Utakapoona kijana anacheza vizuri mechi tisa halafu anaondoka ghafla, usimtafutie kosa barafuni.

Wale wanaotoka ligi za vijana za Kanada wamekuwa na ukuta wao. Aliye chini ya miaka 20 ama alibaki NHL ama alirudi kwa watoto wenzake. AHL ilikuwa imefungwa kwake. Kwa miaka mingi vijana waliokwisha kuizidi ligi yao walirudishwa wakafunge mabao rahisi na kujenga mazoea mabaya, yale ya kuzunguka nusu duara. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji unakusudia kulegeza hilo kuanzia msimu wa 2026-27: kila timu iweze kumpeleka AHL kijana mmoja wa miaka 19. Nimelifurahia sana badiliko hili.

Lakini mkataba huohuo unaongeza mechi za msimu kutoka 82 hadi 84, na mechi za maandalizi hazitazidi nne. Hili linaniumiza, na nalisema wazi. Mteule wa raundi ya kwanza atapata nafasi yake hata mechi zikiwa mbili. Aliyechaguliwa wa 221 ndiye atakayekosa, maana makocha watataka kuwapasha moto wakongwe kwa mechi hizo chache. Mashindano ya chipukizi ya Septemba, kama yale ya Buffalo, yatabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko sasa, na klabu zinapaswa kutuma huko watazamaji wao wazuri na kurekodi kila zamu. Nanyi mashabiki, mechi za mashindano hayo zikionyeshwa, zitazameni. Chagueni beki mmoja asiyejulikana, kiacheni kisahani kiende kinakokwenda, mumfuate yeye tu kwa zamu tano.