"Tuliwauliza, wakanyamaza": dhana potofu kuhusu mazungumzo na watoto

"Tuliwauliza watoto, hawakuwa na la kusema." Kila ninapoitwa kukagua mradi au kuwanoa wawezeshaji, kauli hii hainikosi. Imenichosha, kwa sababu inamtwisha mtoto kosa la mtu mzima.

Tazama wanavyoulizwa. Wakubwa wako meza kuu, watoto wamepangwa mistari, mwalimu wa nidhamu amesimama nyuma yao. "Mmefurahia mradi?" "Ndiyooo!" "Kuna mwenye tatizo?" Kimya. Kikao kinafungwa, ripoti inaandikwa kuwa watoto wameshirikishwa. Kumbe mtoto amepiga hesabu yake upesi: nikisema, nani atanigeuka tukishatoka hapa? Kunyamaza kwake ni jibu, tena la busara.

Watoto hao hao wape karatasi na penseli za rangi. Wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, waweke alama nyekundu wanapoogopa kupita. Alama zikirundikana mahali pamoja, labda nyuma ya vyoo, swali moja linatosha: "Hapa pana nini?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla hujaongeza neno. Hilo ndilo shauri langu la kwanza kwa kila mwezeshaji, na ndilo wanalolivunja mapema kuliko yote. Mtoto hajamaliza sentensi, wameshammalizia. Na kabla hujauliza, ujue utampeleka wapi mtoto akikueleza kwamba anadhurika.

Sababu nyingine ya kimya ni kukosa mrejesho. Laura Lundy, mtafiti wa haki za watoto, mwaka 2007 alitaja mambo manne yanayokwenda pamoja: nafasi ya kusema, sauti, hadhira ya kumsikiliza na athari kwenye uamuzi. Wengi huishia kwenye sauti. Mtoto aliyetoa maoni mwaka jana na hakuambiwa yaliishia wapi, mwaka huu aseme ili iweje? Rudi kwake. Mweleze lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini.

Ziko na dhana nyingine ninazokutana nazo. "Kumsikiliza mtoto ni kumtii." Hapana! Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inataka maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Uamuzi unaweza kubaki kwa mkubwa, ila mtoto aelezwe sababu.

"Huyu bado mdogo mno." Ibara hiyo haikuweka umri wa chini. Kamati ya Haki za Mtoto, inayofuatilia utekelezaji wa mkataba huo, ililifafanua hilo mwaka 2009 katika Maoni ya Jumla Na. 12: tuanze kwa kuamini kwamba mtoto anaweza, si kumdai athibitishe kwanza. Mchezo, mchoro na hata uso wake vinasema.

"Watoto wetu walishiriki, walisoma shairi mbele ya mgeni rasmi." Nani alilitunga? Kwenye ngazi ya vidato 8 ya mwaka 1992, ambayo mtafiti Roger Hart aliitumia kupima ushiriki wa watoto, vidato vitatu vya chini, yaani kutumiwa, kufanywa mapambo na kushirikishwa kwa jina tu, havihesabiwi kuwa ushiriki. Shairi la kukaririshwa liko huko chini.

"Kila mtoto lazima achangie." Kusema ni haki yake, si wajibu. Anaweza kukataa, anaweza kuacha katikati. Waambieni hivyo kabla ya swali la kwanza, na anayeinuka kuondoka asinuniwe na mtu.